Simulesheni ya mizunguko ya sayari kwa wanafunzi wetu: tuanzie kwenye baridi ya Julai

Mwalimu_wa_Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha fizikia na jiografia sekondari moja hapa Mbeya, na nikitoka darasani naandika programu za mtandaoni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Nataka tujenge pamoja simulesheni ya sayari zinavyolizunguka Jua, ambayo mwanafunzi ataifungua kwenye simu ya mzazi au kompyuta ya shule, aiguse, aibadilishe na aone kinachotokea.

Najua ziko nyingi mtandaoni na zinapendeza macho. Shida yangu nazo ni kwamba zinajiendesha zenyewe. Mwanafunzi anatazama dakika mbili, anasema nzuri, anarudisha simu, na kichwani hakuna kilichohama. Fikra aliyoingia nayo ndiyo anayotoka nayo.

Fikra ninayoisema ni hii. Ingia darasa lolote la huku Nyanda za Juu Kusini uulize kwa nini Juni na Julai tunavaa makoti. Wengi watakujibu kwamba Dunia iko mbali na Jua. Na ukifungua takwimu unakuta kweli iko mbali! Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152.1. Mtoto wa London hawezi kukaa na wazo hilo muda mrefu, kwa sababu kwao Julai ndiyo miezi ya joto. Mtoto wa Uyole anaamka na baridi, anasoma hizo namba, zinakubaliana na ngozi yake, anafunga daftari. Ndiyo maana kwetu kosa hili ni gumu kung'oa kuliko sehemu nyingine, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa kaskazini havilioni.

Kwa hiyo napendekeza simulesheni yetu ijengwe kuzunguka swali hilo. Iwe na vidhibiti viwili vilivyotengana kabisa. Cha kwanza kinabadili umbo la njia ya Dunia, kuanzia duara kamili mpaka duaradufu iliyovutika. Cha pili kinabadili mwinamo wa mhimili wa Dunia, kuanzia nyuzi 0, kupita nyuzi 23.4 za kweli, mpaka hata 45. Pembeni pawe na visanduku viwili, Mbeya na London, kila kimoja kikionyesha Jua la mchana limepanda nyuzi ngapi na mchana una saa ngapi.

Mwanafunzi akifanya njia iwe duara kamili, umbali haubadiliki mwaka mzima, lakini London bado inapata baridi yake na joto lake. Akirudisha njia ilivyokuwa na kuweka mwinamo 0, majira ya London yanafutika karibu yote. Hapo hahitaji mimi nimwambie kitu.

Sasa niseme jambo ambalo walimu wengi tunaliruka. Kwa Mbeya umbali si sifuri. Mwanga wa Jua unaoifikia Dunia Januari unazidi wa Julai kwa karibu asilimia 7. Sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, ambako mwinamo hauna nguvu kama wa London. Nimepiga hesabu: kwa latitudo yetu, mwinamo peke yake unapunguza mwanga wa siku nzima wa Juni kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Desemba, kabla hujahesabu mawingu. Umbali unaongezea kidogo juu yake. Kumwambia mtoto kwamba umbali hauhusiani kabisa ni kumpa kosa jipya badala ya lile la zamani. Aone vyote viwili, aone kipi kikubwa.

Na pale London, Juni Jua la mchana linapanda karibu nyuzi 62. Mbeya siku hiyohiyo linapanda karibu 58, na mchana wetu una saa kumi na moja na nusu na ushee wakati wao wana zaidi ya kumi na sita na nusu. Wanafunzi wangu hawaamini mpaka wakokotoe wenyewe.

Nakaribisha michango: watu wa JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kwenye brauza), walimu, na yeyote anayelijua anga la huku.

---

Mkulima_Makete

Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta lakini hili linanihusu. Huku kwetu sakitu inababua viazi Juni na Julai, hiyo kweli. Ila joto kali tunalipata Oktoba na mwanzo wa Novemba, kabla mvua hazijashika. Januari unayosema Dunia iko karibu kuliko siku zote, sisi tuko kwenye mvua na ukungu, jioni moto unawashwa. Kama ni umbali, Januari ndiyo ingetuunguza.

---

Mwalimu_wa_Uyole

Mkuu, hiyo naiweka kwenye simulesheni kama swali la pili, asante sana.

Katikati ya Oktoba Jua la mchana linapita juu ya vichwa vyetu wima kabisa, na anga linakuwa bado jeupe. Linarudi kupita tena mwishoni mwa Februari, lakini safari hiyo mawingu yametanda. Ukiwa Mbeya unaweza kulikagua kwa kijiti: kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, siku hizo kivuli kinajificha chini ya kijiti. Saa sita kamili ni mapema, kwa sababu tuko magharibi ya mstari wa longitudo ambao saa ya Afrika Mashariki imefuata.

Na tusiwasahau Kyela. Wako chini karibu na ziwa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini ni kama 1,700. Jua lao na letu ni moja, mwinamo ni mmoja, Julai ni moja, lakini sisi tuna makoti na wao wana mashati. Sehemu kubwa ya baridi yetu ni mwinuko. Simulesheni ya sayari haiwezi kuonyesha hilo, na inabidi iseme wazi kwamba haionyeshi.

---

BintiKihesa

Mwalimu shikamoo. Nasoma Iringa, naandika JavaScript. Nimelipenda wazo nikaanza kuchora Dunia na Jua kwenye canvas (eneo la ukurasa linalochorwa kwa msimbo) usiku huu. Natumia kanuni ya Newton, kani inapungua kwa mraba wa umbali. Inazunguka vizuri, lakini kila mzunguko Dunia inajisogeza nje kidogo, baada ya miaka kadhaa ya simulesheni imeshatoka kwenye skrini. Kanuni nimeihakiki, haina shida. Tatizo liko wapi?

---

Fundi_wa_Soweto

Dada, kanuni yako ni sahihi, tatizo ni mpangilio wa hatua. Naamini unakokotoa kani kwanza, unahamisha sayari kwa kasi ya zamani, halafu ndiyo unabadili kasi kwa kani ileile ya mahali ilipotoka. Hiyo ni njia ya Euler ya kawaida. Kila hatua inafuata mstari ulionyooka unaogusa njia kwa nje, kwa hiyo sayari inajikuta mbali kidogo kuliko inavyotakiwa na inaongeza nishati ambayo haikutoka popote. Ukipunguza ukubwa wa hatua utachelewesha tu, hutaponya.

Geuza mpangilio. Badili kasi kwanza, halafu tumia kasi mpya kuhamisha sayari (hapa dt ni muda wa hatua moja, GM ni nguvu ya mvutano wa Jua):

```
r = Math.sqrt(x*x + y*y);
k = -GM / (r*r*r);
vx += k*x*dt;
vy += k*y*dt;
x += vx*dt;
y += vy*dt;
```

Ni mistari ileile, zimebadilishana nafasi tu. Nishati itapanda na kushuka kidogo ndani ya mzunguko mmoja, lakini haitajilimbikiza. Ukitaka usahihi zaidi nenda Verlet, njia nyingine ya kupiga hatua, ila kwa darasa hii inatosha.

La pili, achana na mita na kilogramu. Pima umbali kwa kipimo cha umbali wa Dunia na Jua, muda kwa miaka. GM ya Jua inakuwa 39.478, yaani pai mraba mara nne. Dunia anzisha kwenye x = 0.983 na kasi ya 6.389 kwa pembe mraba, inarudi ilikotoka baada ya mwaka mmoja. Namba zinabaki ndogo na mwanafunzi anaweza kuzisoma.

La tatu, dt usiifunge kwenye muda halisi uliopita bila kikomo. Mwanafunzi akipokea simu, brauza inasimamisha uchoraji. Akirudi baada ya dakika tano programu inadhani hatua moja ina dakika tano, na Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, inarushwa nje ya mfumo. Weka kiwango cha juu cha hatua, ukizidi kata.

---

BintiKihesa

Nimegeuza. Imekaa kwenye njia yake, nimeiacha inazunguka tangu asubuhi haijahama. Nashukuru sana kaka.

Sasa nimekwama kwenye vipimo. Nikitaka sayari zote nane zionekane kwenye simu, za ndani zinabanana zote kwenye Jua.

---

Mwalimu_wa_Uyole

Marahaba binti yangu, na hongera.

Hapo kwenye vipimo hakuna mwenye jibu la bure. Tuchukue simu yenye upana wa pikseli (nukta za skrini) 360. Ukimweka Neptuni pembeni kabisa, yaani pikseli 180 kutoka katikati, Dunia inakaa pikseli 6 kutoka kwenye Jua na Zebaki pikseli 2 na kidogo. Jua lenyewe kwa vipimo hivyo halifiki hata sehemu ya kumi ya pikseli moja. Hakuna picha ya kitabuni inayosema ukweli huu, kwa hiyo wanafunzi wanakua wakidhani sayari zimepangwa jirani jirani kama nyumba za Mwanjelwa.

Wengine wanatumia vipimo vya kubana, sayari za mbali zinavutwa ndani. Mimi nakataa kwa simulesheni hii, kwa sababu ukibana umbali unaharibu umbo la njia, na umbo la njia ndilo somo. Tutengeneze mandhari mbili. Ya ndani ina Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi. Ya nje ina Jupita mpaka Neptuni, na zile nne za ndani zinaonekana kama kundi dogo lililogandana na Jua. Ukubwa wa sayari tuukuze ili zionekane, na tuandike palepale chini kwamba umekuzwa.

Kwenye umbo nina ombi maalumu. Vitabu vinachora njia ya Dunia kama yai lililokandamizwa. Kwa kweli, ukiichora kwa nusu kipenyo cha pikseli 150, tofauti ya urefu na upana wake haifiki hata sehemu ya ishirini ya pikseli. Ni duara kwa jicho la mtu yeyote. Kinachoonekana ni kwamba Jua haliko katikati: limesogea pikseli mbili na nusu. Kwa Mirihi limesogea pikseli 14, na hiyo mtoto anaiona mara moja. Mirihi ndiyo sayari iliyomsumbua mwanaanga Kepler mpaka akaachana na duara na kutangaza duaradufu mwaka 1609, akitumia vipimo vya mwanaanga mwenzake Tycho Brahe vilivyochukuliwa kwa macho bila darubini. Kwa hiyo tusichore yai. Tuchore ilivyo, tuweke alama ya msalaba katikati ya njia, mwanafunzi aone Jua halipo kwenye msalaba.

Mwendo wa saa nao. Mwaka wa Dunia ukiwa sekunde 10, Zebaki anamaliza mzunguko kwa sekunde 2.4, Jupita karibu dakika 2, Neptuni zaidi ya dakika 27. Kipindi chetu ni dakika 40. Nafikiri tumwache Neptuni aende mwendo wake huohuo. Darasa lianze naye mwanzo wa kipindi, wamsahau, wamkute karibu na kengele. Kanuni ya tatu ya Kepler ya 1619, inayounganisha umbali wa sayari na muda wa mzunguko wake, inapata uzito kwa mtu aliyesubiri.

---

Fundi_wa_Soweto

Naongeza Zebaki kwenye hilo. Anapolikaribia Jua anakimbia karibu kilomita 59 kwa sekunde, akiwa mbali anashuka mpaka 39 hivi. Ukiweka nukta nyuma yake kila baada ya muda sawa, zinaachana akiwa karibu na zinabanana akiwa mbali. Kanuni ya pili ya Kepler iko palepale kwenye nukta, na mwanafunzi anaweza kuzipima kwa rula juu ya skrini.

Na wape kidhibiti cha kasi. Waiongezee Dunia kasi kidogo kidogo. Njia itavutika, itavutika zaidi, na ikifika mara 1.41 ya kasi yake ya kawaida hairudi tena. Usiwaandikie namba hiyo popote. Waitafute.

---

Mwana_Vwawa

Wakuu, sisi wa Songwe tuna kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Tani kama 16 za chuma na nikeli, kina urefu wa mita 3 hivi. Wanafunzi wanapelekwa kukiangalia, wanakipanda, wanapiga picha, wanarudi. Wanauliza kilitoka wapi, wanajibiwa angani. Simulesheni yenu inaweza kujibu zaidi ya hapo?

---

Mwalimu_wa_Uyole

Inaweza, tena hili limenifurahisha kuliko yote yaliyosemwa.

Vimondo vingi vinatokana na ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Jupita. Mvutano wa Jupita unaweza kukivuruga kipande polepole mpaka njia yake ivutike na kuja kukata njia ya Dunia. Tutengeneze kipande cha mfano: kikiwa karibu na Jua kinafika 0.9 ya umbali wa Dunia, kikiwa mbali kinafika 2.8. Mzunguko wake unakuwa kama miaka miwili na nusu. Mwanafunzi atakiona kinavuka njia ya Dunia mara mbili kila mzunguko, na karibu kila mara Dunia haipo hapo. Aendelee kubadili siku ya kuanzia mpaka vikutane. Akihangaika vya kutosha ataelewa kwa nini jiwe la tani 16 si jambo la kila mwaka.

Ila hatutaandika kwamba hiyo ndiyo njia ya kimondo cha Mbozi. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyekiona kikianguka, shimo lake halionekani, na wanasayansi walikijua mwaka 1930 kikiwa kimeshakaa ardhini miaka mingi sana. Njia yake haijulikani. Kitaandikwa kipande cha mfano, kwa herufi zinazosomeka.

---

Mama_Ludewa

Mimi ni mwalimu wa msingi. Yote mazuri, lakini shule yangu haina intaneti, na umeme ni wa sola ofisini. Wazazi wengine wana simu janja, bando wanaweka siku ya mnada. Sisi tunaingiaje?

---

Fundi_wa_Soweto

Mwalimu, nyie ndio tunaowajengea, kwa hiyo hilo liamue muundo mzima tangu sasa.

Iwe faili moja tu ya HTML, yaani ukurasa unaofunguliwa na brauza. Msimbo ndani yake, michoro ndani yake, maandishi yatumie herufi za simu yenyewe, isiite kitu chochote kutoka nje. Tusitumie maktaba kubwa za msimbo wa 3D. Duara, mstari na nukta canvas inachora yenyewe. Faili la namna hiyo halina sababu ya kuzidi kilobaiti 100, linahama kwa Bluetooth, memori kadi au flashi, na linafunguka kwa kuligusa. Kuna mbinu ya tovuti kujihifadhi kwenye simu kwa ajili ya matumizi bila mtandao, lakini inataka ifunguliwe kwanza kwa anwani salama ya https. Ukiwa na faili lililotoka kwenye flashi haifanyi kazi, msiitegemee.

BintiKihesa, kwa simu za bei ndogo njia za sayari zichore mara moja kwenye canvas ya chini, sayari peke yake zichorwe upya kila fremu kwenye canvas ya juu. Betri itakushukuru. Na vidhibiti viwe vipana vya kutosha kidole gumba cha mtu mzima.

---

Mama_Ludewa

Hapo nimeelewa. Swali moja tena: kwa darasa la tano si bora chungwa na tochi?

---

Mwalimu_wa_Uyole

Ni bora, na lianze hilo. Chungwa lichomwe kijiti, kijiti kilale kidogo, kielekee upande uleule muda wote mtoto anapoizunguka tochi. Hapo ndipo wengi wanakosea, kijiti kinageuka pamoja na mwili. Wakishalifanya kwa mikono, simulesheni inawapa kile ambacho chungwa haliwezi: namba, na uwezo wa kuufuta mwinamo wakaona kinachobaki.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza, kabla sayari hazijatembea, pawe na swali moja: Kwa nini Julai Mbeya kuna baridi? Mwanafunzi aandike jibu lake kwanza, ndipo kitufe cha kuanza kifunguke. Jibu lake libaki kwenye skrini, lisisahihishwe na mashine, na mwisho aulizwe kama analibadilisha.

---

BintiKihesa

Kidhibiti cha mwinamo nimekimaliza leo. Nikiweka 0, London inabaki nyuzi 38.5 mwaka mzima na Mbeya 81. Hiyo ni sawa?

---

Mwalimu_wa_Uyole

Ni sawa kabisa, 90 ukitoa latitudo. Mbeya nyuzi 8.9, inabaki 81.1.

Weka faili hapa kwenye uzi likiwa tayari hata kama rangi hazijakaa. Nina mikondo miwili ya kidato cha pili. Mmoja nitaupa vidhibiti vyote viwili kwa pamoja, mwingine nitaupa kimoja kimoja, halafu nitaleta hapa majibu waliyoandika kabla na baada. Mama Ludewa, ukipata flashi ya mtu anayekuja Njombe nijulishe, nitamkabidhi nakala yako.